Wanyime Ugomvi: Mwongozo wa Mjanja Anayezeeka Tabora

Sogea karibu, mzee mwenzangu, nikunong'oneze. Nawe mayu, usikae mbali. Haya yanakuhusu kuliko yanavyomhusu mumeo.

Ndugu zako wanakupenda, hilo halina ubishi. Lakini siku mkeka wa matanga utakapokunjwa, wapo watakaokuwa wameshahesabu mabati ya nyumba yako ya Isevya, ng'ombe wako wa Nzega na mizinga yako ya nyuki kule msitu wa Sikonge. Ugomvi wanausubiri kama watoto wanavyosubiri pilau ya Idi. Leo nakufundisha kuwadhulumu. Tuwanyime ugomvi huo wote, usibaki hata ukoko, na wewe ujipatie uzee mtamu juu yake.

Dhuluma hii ni ya halali na haitaki utajiri. Inataka daftari, kalamu, mashahidi na moyo wa mtu anayependa kusifiwa kwamba ana akili. Moyo huo unao. Sote tunao. Tuutumie.

Hatua ya 1: Mzibe mdomo anayesema ni uchuro

Wa kwanza kukukwamisha ni yule atakayeshika shavu na kusema, "Wosia? Unajiitia kifo!" Jibu lake liko jikoni. Viazi vitamu vikishavunwa, mama zetu wa Unyamwezini humenya, huchemsha, hukata na kuanika juani mpaka vikauke. Ndiyo matobolwa, na wazee husimulia kwamba hata jina la Tabora limetoka humo. Mama anayeanika viazi kiangazi hajawahi kuambiwa na mtu kwamba anaiita njaa. Anajua mvua zitakuja, ghala litapungua na mahindi yatakuwa bado mabichi shambani. Anaanika, analala usingizi.

Wosia ni matobolwa. Mwambie hivyo huyo mwenye uchuro wake, kisha mpe kipande atafune. Ni kigumu, mdomo wake utakuwa na kazi kwa muda, na wewe utakuwa umefika hatua ya pili.

Hatua ya 2: Piga orodha, kama Jacob Wainwright

Ukitaka kuiba mbinu, iba kwa waliofaulu. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambalo siku hizi ni makumbusho. Mmisionari David Livingstone alikaa hapo mwaka 1872, mwanzoni pamoja na mwandishi wa habari Stanley, kisha peke yake mpaka Agosti alipoondoka kuelekea kusini. Mwanzoni mwa Mei 1873 alifia katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Hakuwa na mke pale, wala mtoto, wala wakili. Alikuwa na masanduku yake na watu wake: Susi, Chuma na wenzao.

Watu hao walikuwa na kila sababu ya kugombana, na hawakugombana. Waliita kila mtu, masanduku yakafunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright aliyejua kuandika akaorodhesha kitu kimoja kimoja. Moyo wa marehemu wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha, wakaubeba. Oktoba 1873 walipita hapa Unyanyembe. Luteni Cameron waliyemkuta akawashauri wamzike hapahapa, wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwaka huo Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza Westminster Abbey, London. Baadaye alirudi huku kwetu, na alifia Urambo mwaka 1892.

Tazama walivyopanga mambo: orodha kwanza, safari baadaye. Mwenye kutaka kuiba au kusingizia wizi alikuwa ameshachelewa.

Basi chora safu nne kwenye daftari: kitu, kilipo, karatasi yake, na nani anajua. Andika kiwanja, shamba, ng'ombe wa nyumbani na wale uliowapa watu wakulindie. Andika hisa za SACCOS na fedha za tumbaku ulizo nazo kwenye AMCOS. Andika namba ya simu yenye pesa, lakini namba ya siri usiiandike. Andika unaowadai, na uone haya lakini uandike pia wanaokudai, kwa sababu deni hulipwa kabla mrithi hajagusa shilingi. Kisha nenda kwenye mfuko wako wa pensheni uangalie uliandika jina la nani miaka ile ulipoajiriwa. Wako wengi ambao bado wameandika jina la kaka aliyekwisha kufa.

Nakuhimiza hivi kwa sababu baba yangu hakuorodhesha. Tulitafuta karatasi moja ya kiwanja karibu miaka miwili. Kila mmoja wetu alimshuku mwenzake, na dada yangu mkubwa aliacha kuja nyumbani. Karatasi ikapatikana ndani ya begi la karanga za mbegu, ilikowekwa na baba mwenyewe ili isipotee. Dada alirudi, ila hatujawahi kukaa tena kama tulivyokaa zamani. Mstari mmoja wa kalamu ungetosha.

Hatua ya 3: Usifanye walivyofanya watemi

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Kiti kikaenda kwa Mnywa Sele, naye alipowatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wakamgeuka na kumsimika Mkasiwa. Vita vikafuata, njia ya misafara ikatikisika, na havikwisha mpaka Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Jirani yao Mirambo alijenga dola iliyotisha kutoka Urambo hadi mbali, kisha akafa Desemba 1884. Dola ile ilikuwa imekaa kichwani mwake na mikononi mwake. Miaka michache tu, ikameguka.

Ukiona fahari kusema, "Bila mimi hapa nyumbani hakuna kinachokwenda," ujue unasema maneno ya Mirambo.

Taja mtu. Taja msimamizi wa mirathi kwa jina, na wa pili wa akiba endapo wa kwanza atatangulia. Usimchague kwa umri wala kwa sauti. Njia ya mkato ya kumjua ni hii: mtume sokoni na noti ya elfu kumi, usimwambie chochote kuhusu chenji, na usubiri. Anayerudisha chenji na kukutajia bei ya kila kitu, huyo ndiye.

Kisha, wakiwa wote wamekaa, litamke neno ambalo lingeokoa nusu ya familia za mkoa huu: msimamizi si mrithi. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anaondoka. Katika Mahakama ya Mwanzo amepewa miezi minne tangu kuteuliwa awe amewasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda. Mwenye kudhani amepewa kiti cha utemi atashtuka. Mshtue mapema, ukiwa unamtazama usoni.

Hatua ya 4: Chagua mlango kabla hujasukumwa

Tanzania Bara mali ya marehemu ina milango mitatu ya kutokea, na usipochagua mahakama itapima jinsi ulivyoishi na kukuchagulia.

Mlango wa kwanza ni mila, zilizoandikwa katika tangazo la serikali la mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mtoto wa kiume wa kwanza yuko mbele na mabinti wako daraja la mwisho. Mjane aliyezaa na marehemu hana fungu lake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Nitarudi hapo.

Mlango wa pili ni wa Kiislamu. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni, na wake wakiwa wawili au zaidi hugawana thumuni hiyohiyo moja. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Wosia mwisho wake theluthi ya mali, na mrithi haongezewi kwa wosia ila warithi wenzake waridhie. Theluthi hiyo ishike vizuri mkononi. Nina kazi nayo mbele.

Mlango wa tatu ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India, na ya mwaka uleule alipouawa Mnywa Sele, na bado inatumika kwetu kwa wasiofuata mila wala sheria ya Kiislamu katika mirathi. Marehemu asipoacha wosia, mjane hupata theluthi moja, na watoto theluthi mbili kwa usawa, bila kuuliza nani wa kiume.

Ukishajua mlango wako, uandike kwa mkono wako: mimi ni fulani, nimeishi hivi, na mirathi yangu iende hivi. Usiwaachie mashangazi na wajomba wakutafutie dini na kabila ukiwa kaburini. Watakutafutia lile linalowapa zaidi.

Hatua ya 5: Andika wosia wenye meno

Wosia wa mdomo unakubalika kimila ukishuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Lakini mdomo una adui anayeitwa kusahau, na mwingine anayeitwa kununuliwa. Andika.

Kama unajua kusoma na kuandika, mila inataka mashahidi wawili wanaojua pia, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hujui, watakuwa wanne. Weka tarehe. Saini au weka dole gumba mbele yao, nao wasaini siku hiyohiyo, mkiwa pamoja. Mrithi asiwe shahidi. Ukimpa nyumba na ushahidi kwa pamoja umempa mpinzani wake fimbo.

Sasa mbinu tatu wasizozitaja hadharani.

Ya kwanza: ukimnyima mtu, sema kwa nini. Kumpita mtoto kimya kunamfungulia njia ya mahakamani, lakini sababu iliyoandikwa inampa jambo la kujibu. Na kabla hujaiandika, lala nayo usiku saba. Hasira nyingi hufa usiku wa tano.

Ya pili: wosia uandikwe ukiwa na akili timamu, na akili hiyo iwe na shahidi. Umri ukiwa umesogea, pita kwanza kwa daktari akuandikie kwamba unajitambua, kisha bana karatasi yake pamoja na wosia.

Ya tatu: usiufiche nyumbani. Chini ya godoro kuna mchwa na kuna wajukuu. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea na kutunza wosia; wapo pia mawakili na benki. Mwambie msimamizi ulipo, naye asijue yaliyomo mpaka utake mwenyewe. Ukibadilisha mawazo, andika mwingine na useme wazi kwamba wa zamani umefutwa.

Hatua ya 6: Mwekee mama ukuta wa karatasi

Hapa punguza mwendo. Yaliyobaki ni ufundi; hili ni uhai.

Umemsikia mjane wa mila ya 1963: fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga, jirani zetu, walifukuzwa kwenye nyumba zao na wakwe kwa sheria za namna hiyo. Kesi yao ikapanda kutoka mahakama za hapa mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikaamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Walishinda Geneva. Nyumba zilikuwa zimekwenda.

Na kuna baya kuliko kufukuzwa. Huku magharibi na Usukumani tumezika bibi waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Ushahidi ulikuwa macho mekundu. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni na mavi ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Ukichimba chini ya tuhuma, mara nyingi unakuta shamba. Anayesema "bibi ni mchawi" huwa ameshapima mipaka.

Kwa hiyo, bwana mkubwa, wewe unayependa kuitwa mwanamume, nikuonyeshe uanaume wa mjanja. Shamba la kijijini likatie hatimiliki ya kimila, na humo yaingie majina mawili, lako na la mkeo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu, na inaikataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kiwanja cha mjini, vivyo hivyo. Jina lililoandikwa pamoja halisubiri hisani ya mkwe.

Usiniambie hakuchangia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikwisha kusema kwamba kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mwanza, alimpa Holaria Pastory haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi, sawa na mwanamume. Mahakama zilishakutangulia, wewe unakwenda tu kuzikuta.

Cheti cha ndoa kitafutwe sasa. Kama mmeishi miaka yote bila cheti, nendeni mkakichukue mkiwa bado mnaweza kupanda ngazi za ofisi mkishikana mikono. Watu watawacheka kwa kuoana uzeeni. Wacheni wacheke, cheti mnacho.

Na kabla ya tarazo la kaburi lako, mnunulie jiko lisilo na moshi. Macho yake yakiwa meupe, kuna kijana mmoja mahali fulani atakosa hoja.

Hatua ya 7: Gawa mapema, lakini sufuria ibaki kwako

Unapenda kushukuriwa. Ni tabia njema, ila wafu hawasikii "wabeja". Gawa kidogo ukiwa hai uvune shukrani kwa masikio yako. Binti mpe ng'ombe leo, umwone anavyompa jina. Mjukuu anayependa nyuki mkabidhi mizinga kumi, umsikie akijisifu kwa asali. Kila zawadi iandikwe, ishuhudiwe na ikabidhiwe kweli. Ng'ombe aliyetolewa kwa maneno na akabaki zizini mwako atarithiwa pamoja na zizi.

Ila nyumba unayolala usiitoe. Ukibembelezwa na mtoto anayekuita "baba yangu kipenzi" mara tatu katika sentensi moja, nyumba usiitoe. Shamba linalokulisha nalo bakiza. Mzee mwenye nyumba hutembelewa. Mzee aliyekwisha kugawa nyumba huulizwa ataondoka lini.

Hatua ya 8: Ununue uzee wako kwa bei ya leo

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inakuita mzee ukifika miaka 60. Magoti yako yatakuita kabla au baada. Kwa vyovyote, jipange.

Anza na nyumba. Ukijenga au kukarabati, ondoa ngazi, panua mlango wa choo, weka choo cha kukalia na bomba la kushikia ukutani. Fundi atauliza, "Mzee, hii ya nini?" Mwambie ni ya wageni. Wageni hao ni magoti yako yajayo.

Fuata bima. Ikate ukiwa mzima, maana ukienda na machela unakuwa umechelewa. Kama wewe ni mzee usiye na uwezo, sera inakupa matibabu bila malipo. Tafuta kitambulisho chako serikali ya mtaa kabla hujaugua, ukitumie hospitali ya Kitete au kituo kilicho karibu. Zanzibar wana pensheni ya kila mzee wa miaka 70 tangu 2016. Huku Bara pensheni bado ni ya aliyechangia mfuko, kwa hiyo changia. NSSF inapokea waliojiajiri, na mkulima wa tumbaku au mfugaji wa nyuki anaweza kuweka kidogo msimu kwa msimu.

Sasa mikono. Ukianguka, nani atakuinua? Usijibu "watoto". Watoto ni neno, nataka jina. Mara nyingi jina hilo ni la mkamwana, yule aliyeolewa na mwanao na hajawahi kuulizwa. Atakuogesha, atakupikia uji, atafua mashuka usiku. Na siku ya mirathi hayumo, si mrithi kwa mlango wowote.

Hapa ndipo ile theluthi niliyokwambia uishike. Kwa kuwa hayumo kwenye warithi, wosia unamfaa yeye kuliko mtu yeyote. Mwandikie fungu. Mwambie ukiwa unamtazama, na umwandikie pia posho ya mwezi kuanzia sasa. Mtoto wa Dar es Salaam atume fedha, wa Tabora atoe mikono, na vyote viingie kwenye daftari. Anayetuma elfu hamsini kila mwezi na anayekosa usingizi kila usiku wote wana haki ya kujivunia, na daftari linawazuia wasidharauliane.

Andika pia mambo ya mwili wako: unataka kutibiwa mpaka wapi, nani aamue usipoweza kusema, unapenda ulale chumba kipi. Mtu wa kukuchukulia pensheni mpe hati ya uwakilishi, ujue tu kwamba hati hiyo hufa siku unayokufa. Asije akaitumia kuuza kitu.

Na kama huna wa kukutunza, usijifiche ndani ukifa kwa aibu. Hapa mjini pana makazi ya wazee ya Ipuli, na njia yake huanzia ustawi wa jamii. Ukitaka kujipima roho, nenda kawatembelee na kilo mbili za sukari. Keti nao. Uliza kila mmoja alikuwa na nini na kilikwenda wapi. Hakuna semina ya wosia itakayokufundisha kama alasiri moja pale.

Hatua ya 9: Panga msiba wako, fahari yako yote

Unataka watu wengi. Unataka waseme, "Huyu alikuwa mtu." Ni haki yako, basi panga. Andika uzikwe wapi, kwa taratibu gani, kwa gharama isiyozidi kiasi gani, na fedha hizo zitoke wapi. Kikomo hicho ndiyo zawadi kubwa. Nimeona ng'ombe watatu wakichinjwa siku ya tatu, na ada ya mtoto wa marehemu ikikosekana siku ya arobaini.

Kaburi la tarazo likusubiri mpaka madeni yalipwe. Litaje kwenye wosia ukipenda, baada ya ada za shule.

Watani usiwasahau. Wapagazi wetu walipofunga mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo, miezi kama mitatu ya miguu, waliokota utani njiani, na mpaka leo Mzaramo akija kwenye msiba wa Mnyamwezi ana kazi yake na ulimi wake. Mteue mtani mmoja umwambie sasa: siku hiyo, mtu akianza kutaja mali kabla ya kaburi kufukiwa, mkaripie mbele za watu. Mtani anaruhusiwa kusema yale ambayo mtoto wa marehemu hawezi. Hakuna wakili mwenye uwezo huo.

Hatua ya 10: Wagombanishe ukiwapo

Umefika. Orodha unayo, msimamizi unaye, mama ana karatasi, mkamwana ana fungu. Imebaki hila ya mwisho, tamu kuliko zote.

Waite. Chagua siku ambayo wote huwa nyumbani, Idi au Krismasi, wakishakula na kabla hawajasinzia. Soma mwenyewe, kwa sauti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Watanuna. Mmoja atatoka nje kupiga simu isiyopigwa. Mwingine atasema, "Baba, sisi hatuangalii mali," huku shingo imekaza. Waache waseme. Huu ndio ugomvi wao. Wamepewa siku moja, wakati mwamuzi bado ana pumzi na anajua kila mpaka ulipopita. Uliza: kuna la kurekebisha? Likiwepo la haki, rekebisha palepale, mashahidi wasaini upya. Likiwa la uroho, mtazame tu msemaji mpaka akae. Kwa kutazama, wazee tuna kipaji.

Baada ya hapo hawatakuwa na cha kugombania. Watakuzika, watakulilia wewe wala si kiwanja, watarudi makwao wakisalimiana.

Daftari linauzwa duka lolote la vifaa vya shule. Nunua leo, jua halijazama. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, andika jina la mama watoto na kiwanja kitakachobaki mikononi mwake. Ukishauandika mstari huo, yaliyobaki yote ni rahisi.